Mnaouliza kazi ya ukaguzi wa majengo: mimi nilianza kwa kukagua mahandaki Ngara

Wakuu, habari za mchana.

Naona kila baada ya muda kuna kijana anaanzisha uzi humu: "Nimemaliza form four, nataka kusomea ukaguzi wa majengo, ina soko? Vigezo ni vipi?" Wanakuja watu wawili watatu wanamjibu "soma IT mdogo wangu", uzi unakufa.

Leo nimeamua kujibu mimi.

Ni mkaguzi wa majengo mstaafu. Niko nyumbani Mabawe, Ngara, na migomba yangu na simu yenye kioo kilichopasuka, kwa hiyo mkiona herufi zimeruka mnivumilie. Ninayosimulia yalinipata mwenyewe. Anayeona ni chai, aweke sukari, aendelee kusoma.

Majina nimebadilisha. Wengine wana wajukuu humu humu.

Tuanze na vigezo, maana ndicho mnachokitaka.

Enzi zangu vigezo vilikuwa vitatu: cheti cha chuo cha ufundi, barua ya tawi la chama kwamba wewe ni mjamaa safi, na kujua kuendesha pikipiki. Nilipoitwa kwenye usaili nilikuwa juu ya lori njia nzima nakariri karai ngapi za mchanga kwa mfuko mmoja wa saruji. Nikafika midomo imekauka vumbi, kichwa kimejaa kokoto.

Mzee wa kwanza akaniuliza, "Ujamaa ni nini?"

Nikajibu kama tulivyofundishwa.

Wa pili akauliza, "Pikipiki unaweza?"

Nikasema naweza. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimewahi kuisukuma ya padri mmoja ilipozima mlimani.

Wa tatu akauliza, "Kwenu wapi?"

"Mabawe."

Akawageukia wenzake. "Basi huyu hatahitaji nyumba ya serikali."

Usaili ukaisha. Mchanga na saruji hawakuuliza hadi leo.

Nikawa Mkaguzi Msaidizi wa Majengo, kwa majaribio. Hilo "kwa majaribio" ndilo probation ya siku hizi. Ukiharibu kabla hujathibitishwa, unarudi kwenu kulima.

Bosi wangu alikuwa Bwana Kamugisha, mtu wa Biharamulo, mrefu, mkavu, anaongea kidogo kama analipia kila neno. Siku ya kwanza alinipeleka dirishani akanionyesha vilima.

"Wilaya yako hiyo. Kagua."

Tatizo, wakuu, ni kwamba cha kukagua hakikuwepo. Majengo ya misheni kule Rulenge yalijengwa vizuri kuliko vitabu vyangu na hawakuhitaji maoni yangu. Boma lilijengwa kabla sijazaliwa. Zikabaki nyumba za vijiji vya ujamaa.

Mtakumbuka, au mtakuwa mmesimuliwa, watu walihamishwa kutoka kwenye migomba yao wakapangwa kwa mstari kando ya barabara. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha mstari umenyooka na kila nyumba ina madirisha mawili, kwa sababu nyumba bora ilitakiwa iwe na madirisha mawili. Kwetu ni milimani, kuna baridi. Watu wakatoa madirisha kama serikali ilivyotaka, halafu wakayaziba kwa nyasi. Nikija wanazibua. Nikiondoka wanaziba. Tuliishi hivyo kwa amani kabisa.

Kisha vikaja vita, hivi mnavyoviita vya Kagera.

Vijana, wakati huo mkoa wetu uliitwa Ziwa Magharibi, jina la Kagera lilikuja baadaye. Mapigano yalikuwa kaskazini, mbali na sisi. Lakini redio ilikuwa inaunguruma kutwa, taa za magari zimepakwa rangi ya bluu ndege zisizione, na vijana wa mgambo wanapanda malori kila siku wakiimba. Mbali hapakuonekana mbali tena.

Ikatoka amri: kila kijiji, kila shule, kila ofisi, mahandaki. Na lazima yakaguliwe na mtaalamu.

Bwana Kamugisha akaniita.

"Mtaalamu ni wewe."

"Mzee, mimi nimesomea majengo. Handaki ni shimo."

Akafikiri.

"Lina kuta?"

"Linazo."

"Lina paa?"

"Likifunikwa magogo na udongo, linalo."

"Nenda kakague."

Ndivyo nilivyoanza taaluma yangu, wakuu. Wenzangu niliosoma nao walikuwa wanasimamia maghorofa Dar. Mimi jengo langu la kwanza rasmi lilikuwa linaelekea chini.

Nikapangiwa vijiji vya upande wa Murusagamba. Barabara ya huko enzi hizo ilikuwa ni jina tu. Pikipiki niliiendesha mimi nusu ya safari, nusu nyingine niliibeba.

Katika kijiji kimoja nilifikia kwa mama mjane tuliyemwita Mama Skola. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, ana sauti ya chini ambayo ukiisikia unainama bila kujua. Mwanawe pekee wa kiume, Venansi, alikuwa ameondoka na mgambo. Kila jioni mama alikuwa anakaa mlangoni akiwa ameweka kigoda cha pili pembeni yake, na mtu haruhusiwi kukikalia.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Mzee Filemoni, mnene, mchangamfu, mwenye kofia ya kijani. Huyu bwana Kihangaza chetu kilimkaa mdomoni, "l" ilikuwa haipiti. Mara ya kwanza aliponikaribisha chakula alisema, "Mkaguzi, karibu ukure." Nami nilikuwa na njaa, nikakura.

Nikawaita watu nikawafundisha handaki linavyochimbwa. Kina kimzidi mtu mzima akisimama. Lisiwe chini ya mteremko, maji yataingia. Liwe na ngazi ya udongo. Juu magogo, majani, kisha udongo.

Wakanisikiliza kwa umakini ambao sijawahi kuuona. Wazee wakauliza maswali mazuri. "Joto litakaa ndani?" Nikasema litakaa. "Mvua haitaingia?" Haitaingia mkifunika vizuri. "Tuchimbe karibu na migomba?" Nikasema vizuri sana, migomba inaficha, ndege haitaona.

Nikaona kweli uzalendo upo.

Nilivyorudi baada ya muda, kijiji kizima kilikuwa kimechimba. Si moja la umma tu kama amri ilivyotaka. Karibu kila kaya na lake! Kuta zimenyooka, sakafu imetandikwa majani ya migomba makavu. Nikamuuliza Mzee Filemoni majani ya nini, akasema, "Watoto wasirare kwenye baridi."

Nikakaribia kutoa machozi.

Nikaandika ripoti ya kukisifu kijiji kile mpaka Bwana Kamugisha akaniuliza kama nina mchumba huko. Ripoti ikapanda juu. Huko juu kulikuwa na mkubwa mmoja wa wilaya, simtaji, tutamwita Mgeni Rasmi. Alikuwa mtu mkali, na neno lake alilolipenda kuliko yote lilikuwa "hujuma". Duka likikosa chumvi, hujuma. Lori likikwama kwenye matope, hujuma. Kuna mwenyekiti wa kijiji kingine alilala mahabusu kwa sababu pamba... hapana, tuiache hiyo, itatupeleka mbali.

Mgeni Rasmi akasema anataka kukiona kijiji hicho cha mfano kwa macho yake, na watu wafanye zoezi la kuingia mahandakini mbele yake.

Bwana Kamugisha akaniambia, "Ziara ikienda vizuri, unathibitishwa." Halafu akaongeza, "Isipoenda vizuri, sikujui."

Nikatangulia siku moja kabla.

Nafika, nasikia harufu. Tamu, nzito, kama ndizi na moshi vimelala kitanda kimoja. Nikaenda handaki la kwanza nyuma ya nyumba ya Mama Skola. Limefunikwa vizuri, moshi mwembamba unapenya pembeni. Nikaweka mkono juu ya udongo.

Wa moto.

Nyie wa kwetu mshaelewa. Kwa wasioelewa: ndizi za kutengenezea rubisi, ile pombe yetu, huvundikwa kwenye shimo ili ziive. Unatandika majani makavu, unapasha joto, unapanga mikungu, unafunika kwa majani na udongo, unaingiza moshi. Shimo zuri la kuvundikia liwe na kuta zilizonyooka, joto likae, mvua isiingie, na liwe karibu na migomba.

Yaani mimi, mtaalamu wa serikali, nilikuwa nimefundisha kijiji kizima kuchimba mashimo ya pombe.

Nikaenda la pili, la tatu. Yote. La shule tu ndilo lilikuwa tupu, na hilo nadhani ni kwa sababu mwalimu alikuwa Mlokole.

Nikamkuta Mama Skola anapepeta maharage, na maharage yenyewe meusi, yameoza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

"Mama, ndege ikija leo, mtajificha wapi?"

"Humo humo."

"Humo mna ndizi!"

"Tutakaa juu yake," akasema kwa utulivu. "Zikikaliwa kidogo haziharibiki."

Nikakimbilia kwa Mwenyekiti. Mzee Filemoni alipoona uso wangu akafunga mlango.

"Kaa, Mkaguzi. Nikuereze."

Ikawa hivi. Kijiji kilitakiwa kutoa mchango wa maharage kwa ajili ya wanajeshi. Mvua ilikuwa imenyesha kupita kiasi, maharage yakaozea shambani. Aliyesema hivyo wilayani aliambiwa anahujumu vita. Kilichobaki kijijini ni ndizi, na ndizi za pombe huwezi kuzipeleka mstari wa mbele. Wakakubaliana watengeneze rubisi, waipeleke gulioni upande wa Rulenge ambako mvua haikupiga sana, wabadilishane na maharage. Mashimo ya zamani ya kuvundikia yalibaki kwenye mahame yao, kule walikotolewa. Huku kwenye mstari hawakuwa na mashimo.

"Ndipo ukaja wewe," akasema Mzee Filemoni, "ukatuambia tuchimbe."

"Toeni ndizi leo hii."

"Tukitoa reo, joto rinapotea, zinaharibika zote. Hatuna mchango. Nitafungwa."

"Msipotoa, kesho akifunua mtafungwa kwa hujuma!"

"Basi," akasema, akavua kofia, akaishika mikononi. "Kufungwa kupo tu. Afadhari nifungwe maharage yamefika kwa vijana."

Mimi nilikuwa naona jina langu kwenye ile ripoti ya kusifu. Kama yeye anafungwa, mimi niliyethibitisha mahandaki nitakuwa nakaa naye chumba kimoja.

Wakuu, sikulala vizuri.

Asubuhi Mgeni Rasmi akafika na Land Rover, suti ya mikono mifupi, kifimbo. Bwana Kamugisha nyuma yake. Wanawake wakapiga vigelegele, Mzee Filemoni akasoma risala kwa sauti ya mtu anayejisomea hukumu.

Tukaanza kuzunguka. Handaki la shule, safi. Akatikisa kichwa kuridhika. Tukatoka, akasimama katikati ya njia.

"Huu moshi ni wa nini?"

Mwenyekiti akanitazama. Kijiji kizima kikanitazama. Mama Skola naye alikuwa amesimama pale, mikono amefumbata kifuani.

Sijui maneno yalitoka wapi. Nadhani ni yale ya kwenye usaili yaliyokosa mtu wa kuyauliza.

"Tunafukiza kuta, ndugu."

"Mnafukiza?"

"Ndiyo, ndugu. Udongo wa huku una mchwa sana. Handaki likichimbwa, lisipokaushwa kwa moshi wa majani ya migomba, magogo ya paa yanaliwa, linawaangukia wananchi. Ni hatua ya mwisho ya ujenzi."

Bwana Kamugisha alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mgeni Rasmi akapiga kifimbo pajani. "Hii sasa ndiyo kitaalamu! Umesomea wapi, kijana?"

Nikamtajia chuo. Akaamuru zoezi lianze katika handaki la shule, hayo mengine yaachwe "yaive". Alitumia neno hilo hilo, wakuu. Yaive. Kuna mama alikohoa mpaka akaondolewa.

Mzee Filemoni akapuliza filimbi. Watoto wakakimbilia handaki la shule, wakajipanga ndani vizuri kabisa. Mgeni Rasmi akawa anatutolea hotuba kwamba kiongozi halisi ni yule anayeingia handakini wa mwisho, baada ya wananchi wote.

Hapo ndipo tukasikia ndege.

Hadi leo sijui ilikuwa ya nani. Ilikuwa ndogo, ilikuwa juu, pengine ilikuwa ya kwetu wenyewe. Lakini muungurumo ulipojaa bondeni, kila mtu alilala pale alipokuwa. Mimi nililala juu ya miguu ya Bwana Kamugisha.

Nilipoinua kichwa, Mgeni Rasmi hayupo. Kifimbo kipo njiani peke yake.

Alikuwa amekimbilia handaki la karibu, la Mama Skola. Akafumua majani ya mlangoni kwa mikono miwili, akatumbukia.

Ndege ikapita. Ikatokomea. Watu wakaanza kusimama na kukung'uta vumbi. Tukakusanyika pale shimoni, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuchungulia.

Kwanza ukatoka mkono. Kisha kichwa. Wakuu, ndizi zilikuwa zimeiva, na unajua ndizi iliyoiva ikikanyagwa na mtu mzima anayekimbiza roho yake inakuwaje. Suti ilikuwa imegeuka uji. Kwenye nywele kulikuwa na ganda. Moshi ulikuwa unamtoka kila upande kama nyumba inayoungua taratibu.

Hakuna aliyecheka. Nawaapieni, hakuna hata mtoto.

Mama Skola akasogea, akampa kanga ajifute. Akamwambia kwa ile sauti yake ya chini, "Pole, mwanangu. Umeumia?"

Mgeni Rasmi akajifuta uso. Akatuangalia mmoja mmoja. Ungeona hesabu zinapita machoni mwake: akisema alichokikuta humo, lazima aseme alifikaje humo, na nani walikuwa bado nje wakati yeye yuko ndani.

"Handaki hili," akasema hatimaye, "liko imara."

"Ahsante, ndugu," nikajibu.

Akapanda gari. Kabla ya kufunga mlango akamwita Mzee Filemoni karibu, akamnong'oneza. Baadaye nilimbana Mwenyekiti aniambie aliambiwa nini. Akasema aliulizwa rubisi itakuwa tayari lini.

Pombe ikatengenezwa, ikaenda gulioni, maharage yakapatikana, mchango ukapelekwa. Kijiji kikasifiwa kwa mara ya pili.

Mimi nilikuwa nasubiri kufukuzwa. Bwana Kamugisha aliniita.

"Umethibitishwa kazini."

"Ahsante, mzee."

"Umehamishiwa Biharamulo. Leo."

Nikaelewa. Mgeni Rasmi hakutaka kuniona tena, lakini kunifukuza asingeweza bila kueleza sababu. Ndio upandishwaji wa cheo mnaousikia.

Ila Mgeni Rasmi hakuwa amemalizana nami, wakuu. Nafika Biharamulo nakuta maelekezo yameshatangulia: mahandaki yote yafukizwe kwa moshi wa majani ya migomba kabla ya kukaguliwa, na msimamizi wa zoezi ni mimi, mgunduzi.

Uongo wangu ulikuwa umeshakuwa sera.

Sasa vijiji vya Biharamulo nilivyopangiwa mimi vilikuwa vya mihogo na mtama. Watu wananiuliza kwa heshima, "Bwana Mkaguzi, majani ya migomba tutayatoa wapi?" Walikuwa wanatembea nusu siku kuyatafuta. Mzee mmoja Mzinza aliniuliza kama mchwa wa kwao nao wanajua tofauti ya moshi wa mgomba na moshi wa mti mwingine. Nikamwambia majani yoyote yanafaa. Akanishukuru kwa kuwapunguzia masharti.

Nilizunguka na pikipiki nikikagua moshi mpaka vita vikaisha.

Vita vilipoisha ikaja amri nyingine: mahandaki yafukiwe. Ng'ombe walikuwa wanatumbukia, na walevi pia. Na lazima ufukiaji ukaguliwe na mtaalamu. Nikarudishwa Ngara, Mgeni Rasmi alikuwa ameshahamishwa kwenda mkoa mwingine.

Hapa stori inabadilika kidogo, mnivumilie.

Nilifika kwa Mama Skola nikiwa na furaha, maana nilikuwa nimesikia Venansi karudi mzima. Nikasalimia, nikakaribishwa. Kile kigoda cha pili kilikuwa kimeingizwa ndani. Mahandaki ya majirani yote yalishafukiwa, la kwake bado liko wazi.

"Mama, hili mbona bado?"

"Hilo lina mtu," akasema.

Nikadhani kanitania. Akaendelea kumenya ndizi bila kuniangalia.

"Analala humo. Tangu arudi. Nyumbani anaingia kula, analala humo. Usimtoe, mwanangu. Nakuomba."

Nikashuka ile ngazi ya udongo. Venansi alikuwa amekaa amejiegemeza ukutani, mchana kweupe. Kijana wa umri wangu, mikono mikubwa, amenyoa vizuri, nguo safi. Angekuwa njiani usingemtambua kwamba ana chochote.

"Wewe ndiye Mkaguzi," akasema.

"Ndiye mimi."

"Umetumwa kunitoa?"

"Nimetumwa kukagua."

Akasogea kunipa nafasi. Nikakaa. Kisha akasema, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida la shambani, "Juu kule nikilala nasikia kila kitu, lakini sijui kinatokea upande gani. Humu najua. Kila kitu kiko juu."

Chuoni hatukufundishwa hilo.

Nikainua macho nikatazama paa, kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua. Magogo yalikuwa yameliwa na mchwa karibu yote. Moshi wangu haukuwa umesaidia chochote.

"Hili litakuangukia," nikamwambia.

"Lini?"

"Mvua zikianza."

"Unaweza kulitengeneza?"

Amri ilikuwa kufukia. Kutengeneza haikuwepo kwenye amri yoyote. Nikarudi baada ya siku kadhaa na magogo mapya ya mkaratusi nyuma ya pikipiki, tukatoa yale mabovu, tukaweka mapya, mimi na yeye. Hakuongea sana. Alikuwa anajua kufunga kamba vizuri kuliko mimi.

Ofisini nikawa naripoti kwamba handaki moja upande wa Murusagamba "linaendelea kufukiwa". Bwana Kamugisha akavumilia, akavumilia, mwisho akauliza, "Handaki gani hilo linafukiwa msimu mzima?"

"Ni kubwa, mzee."

Akaja mwenyewe. Nilijua nimekwisha. Akasalimiana na Mama Skola, akaenda mpaka mlango wa handaki, akainama, akatazama ndani. Venansi alikuwa amelala, amejikunja kama mtoto. Bwana Kamugisha akabaki ameinama hivyo hivyo, kofia mkononi. Kisha akachukua udongo kidogo pale mlangoni, akausugua vidoleni.

"Udongo bado mbichi," akaniambia. "Usiharakishe."

Akarudi kwenye gari. Suala hilo hakuligusa tena mpaka anastaafu.

Mvua za vuli zikapita. Masika yakaja, yakaenda. Nikawa nikipita upande ule nachungulia paa, nasalimia, naondoka.

Siku moja nafika, nakuta Mama Skola amesimama nyuma ya nyumba, mikono kichwani. Nikashtuka, nikatupa pikipiki chini.

"Mama, kuna nini?"

Akanionyesha kwa kidevu.

Pale palipokuwa na handaki palikuwa na udongo mpya, mwekundu. Magogo ya mkaratusi yamepangwa pembeni, moja juu ya jingine. Venansi yuko katikati, anashindilia kwa mguu, jembe limelala kando, jasho linamtiririka. Baadaye mama alisema Venansi aliamka tu, hakuaga, hakueleza, akachukua jembe.

Aliponiona akasimama.

"Mkaguzi," akasema, "njoo uangalie kama nimefukia vizuri."

Nikaingia pale katikati. Nikakanyaga. Nikakanyaga tena, kila pembe, nikarukaruka kama mjinga na viatu vyangu vya serikali. Kisha nikamwambia, "Limepita."

Akacheka. Mara ya kwanza namsikia. Akaokota jembe akaenda kunawa.

Haya, vijana, narudi kwenye maswali yenu. Ajira zipo, watu hawajaacha kujenga. Siku hizi wanataka diploma au digrii, na kompyuta, na ujue sheria za ujenzi na mipango miji. Someni hivyo vyote, ni muhimu. Mimi somo langu ni dogo: utapewa karatasi inayosema nini kikaguliwe, halafu utafika site ukute kuna mtu ndani. Anza na mtu, karatasi itasubiri. Na jifunzeni pikipiki kabla ya usaili, si baada yake.

Wanaonisoma kutoka Ngara, Biharamulo na Bukoba mpaka Misenyi: kwenu handaki la vita liliishia kuwa nini? Tupieni hapo chini, nitakuwa nasoma nikitoka shambani.